Mguu wa Kupimia Dagaa

Kuna wanunuzi wa dagaa wanaopima kwa mkono. Wanachota, wanafikicha, wanapuliza, wananusa, wanakunja uso kama madaktari bingwa, halafu wananunua dagaa wabichi. Mimi sikuwa wa aina hiyo. Mimi nilikuwaga napima kwa mguu.

Nieleze, maana najua msomaji wa mjini ameshaanza kuziba pua. Kule Murangi, na kwenye mialo yote ya upande ule wa ziwa, dagaa wakitoka majini wanaanikwa juu ya mchanga, juu ya nyavu kuukuu au juu ya miamba. Siku hizi wapo wenye chanja za miti, hao wamepita semina. Jua likishafanya kazi yake, sisi wanunuzi tunakuja kuangalia kama mzigo umekauka. Kwa juu unaonekana umekauka siku zote, kwa chini ndiko unakopigwa. Basi mimi navua kiatu, navua soksi, naweka unyayo pembeni ya mzigo na kukandamiza kidogo. Dagaa aliyekauka sawasawa anachoma na kuvunjika kwa pamoja, kama majani makavu. Mwenye maji anakuwa wa baridi chini ya unyayo na ananata kwenye vidole. Mwenzangu hajatoa mkono mfukoni, mimi nimeshajua. Na kabla hujaniuliza habari za usafi: dagaa unaowasifia utamu walilala mchangani, wakapitiwa na kuku, bata na mbuzi wa kijiji kizima. Unyayo wangu mmoja ndio ukutie kichefuchefu?

Mguu huo ndio ulionitoa. Darasa la nne nililimaliza kwa taabu kule kwetu Butiama, na la tano likanishinda kabla sijaliingia. Nikaanza kubeba magunia ya watu kwa baiskeli, nikaendelea hadi magunia yakawa yangu. Leo nina ghala Nyakato, nina nyumba Nyasho yenye marumaru hadi jikoni, na dagaa wangu wanaliwa Bunda na huko mbele ambako sijafika na wala sina shida ya kufika. Niliosoma nao, wale walioendelea na vitabu, wananiita bosi. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na nisiposema mimi atasema nani? Wao?

Kisukari kiliponipata sikushtuka sana. Nilikichukulia kama cheti. Maskini anaumwa malaria na minyoo, ila mtu akifika kwenye sukari ujue amefika. Nikapewa vidonge, nikaambiwa niache soda na nipunguze ugali, nikapunguza soda. Kliniki yetu hapa Musoma ina siku yake, mnakaa kwenye mabenchi mnasogea sogea kama watoto wa chekechea, na kabla ya kuonana na daktari mnapewa somo. Siku moja somo likawa miguu.

Nilicheka. Mtu mzima, nina ghala, nimeacha mzigo unashushwa, nimekuja kufundishwa kunawa miguu.

Mwalimu wetu alikuwa nesi mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Akatuambia tunawe kwa maji ya uvuguvugu, na maji hayo tuyapime kwa kiwiko, tusiyapime kwa mguu. Tukaushe katikati ya vidole. Tupake mafuta, lakini siyo katikati ya vidole. Kucha zikatwe zimenyooka, sugu zisichongwe kwa wembe, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na nyayo ziangaliwe kila siku. Mzee mmoja wa Nyakato akauliza, "Sasa mimi na tumbo hili unyayo nauonaje?" Nesi akasema atumie kioo, au amwombe mke wake. Mzee akasema mke wake naye hauoni wa kwake. Tukacheka benchi zima. Tulikuwa na raha sana siku ile.

Halafu akaja na uzi. Uzi wenyewe ni wa nailoni, mfupi, umechomekwa kwenye kijiti, na mimi mtu wa ziwa nikautambua mara moja kuwa ni kipande cha mshipi wa kuvulia. Nikajiuliza hii hospitali imekuwa mwalo lini.

"Fumba macho, baba," akaniambia. "Nikikugusa na huu uzi unyayoni, sema."

Nikafumba. "Hapo," nikasema.

Nikakaza kufumba.

"Na hapo. Na hapo tena."

"Baba."

"Naam."

"Sijakugusa bado. Nilikuwa naongea na mwenzangu."

Yule mzee wa tumbo akacheka hadi akakohoa. Nikasema basi gusa. Nesi akasema ameshagusa, nifumbue nione. Nikafumbua. Uzi ulikuwa umejikunja kabisa kwenye dole gumba langu kama mshipi uliobanwa na sangara, na mimi sina habari.

"Mguu huu umekufa ganzi," akasema. "Ukikanyaga msumari hautakwambia. Ukikanyaga moto hautakwambia. Kuanzia leo usitembee peku, hata ndani kwako. Umenielewa, baba?"

Nilimwelewa vizuri sana. Nilimwelewa kwa namna yangu.

Kwetu kijana akitahiriwa anasimama. Hafumbi macho, hakunji kidole, hapepesi. Mashangazi wako pembeni wanamkagua uso kama wanatafuta chawa, na akitikisika kidogo tu atakumbushwa kwenye harusi yake, kwenye ubatizo wa watoto wake na kwenye mazishi yake mwenyewe. Mimi nilisimama. Kaka yangu mkubwa, aliyebaki kule Butiama kwenye mji wa baba, alikuwa nyuma yangu siku ile na hadi leo anawasimulia watu kwamba mdogo wake aliangalia mlima wakati kisu kinapita. Sasa mtu aliyekuzwa hivyo unamwambia miguu yake haisikii maumivu, halafu unategemea alie? Nilitoka kliniki nimenyooka kama nimevishwa nishani. Niliona hospitali imenithibitishia jambo ambalo mashangazi walilijua zamani.

Mama watoto ndiye aliyeharibu sherehe. Huyu ni mzaliwa wa Bunda, na ana jicho la mkagua mizani. Nilimsimulia habari ya uzi nikitegemea atacheka. Hakucheka. Kesho yake akaja na kioo kidogo cha mkononi na viatu vipana vya ngozi laini, vibaya kama mikate.

"Vya nani?" nikauliza.

"Vyako."

"Mimi nivae hivi nipite sokoni? Watu waseme nimefilisika?"

"Waseme. Na hiki kioo ni cha kuangalia nyayo jioni."

"Niangalie nyayo kwenye kioo kama bibi harusi?"

"Bibi harusi anaangalia uso," akasema. "Wewe uso wako tumeshauzoea."

Viatu nikaviweka juu ya kabati. Kioo akakichukua binti yetu. Mimi nikaendelea na viatu vyangu vya ncha kali vinavyong'aa, na nikaendelea kupima dagaa kwa mguu.

Hapa niseme kitu cha biashara. Mwaka ule mzigo wangu ulianza kuota ukungu ghalani. Gunia unalifungua, dagaa wamevaa sweta. Nililaumu mvua. Nililaumu bati la ghala. Niliwalaumu akina mama wa mwaloni kuwa wanamwagia maji mzigo ili uwe mzito, na mmoja akanijibu hajawahi kuona mtu anayemwagia maji kitu alichokaa siku nzima kukikausha. Mguu wangu sikuulaumu. Mguu ungelaumiwaje, wakati ndio uliojenga nyumba?

Basi siku moja nikafika Murangi saa ya jua kali, mzigo umeanikwa juu ya mwamba ule mweusi unaoteremka hadi majini. Nikamkuta mnunuzi mwenzangu wa Bunda, kijana wa juzi juzi katika kazi hii, amevaa buti za mpira, anafikicha dagaa mkononi. Nikavua kiatu. Akaniangalia, akawaangalia akina mama, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu:

"Mzee wangu, huo mguu si umeshastaafu? Mzigo wako wa juzi ulifika Bunda una ndevu."

Wakacheka. Akina mama wa mwaloni wanacheka na kila mtu, leo wewe kesho yeye, lakini siku hiyo ilikuwa zamu yangu.

"Mguu wangu umeanza kazi wewe unanyonya," nikamjibu.

"Ndiyo maana nasema umestaafu."

Sikumjibu tena kwa maneno. Nikavua na kiatu cha pili, na soksi zote. Nikapanda juu ya mwamba, pale palipo wazi pasipo na dagaa, nikasimama. Nikatoa simu, nikampigia mtu wangu wa ghala nikaanza kumwuliza habari za magunia, za kamba, za dereva, na habari za mke wake aliyejifungua. Mtu wa ghala alishangaa sana, maana sijawahi kumwuliza habari za mke wake.

Wale akina mama walikuwa wanapita kwenye mwamba huo kwa kurukaruka, na ndala zao miguuni. Wakasimama mmoja mmoja.

"Tajiri, huungui?"

"Niungue na nini?"

"Mbona mwanaume huyu!" akasema mwingine. "Huyu alitahiriwa kweli, siyo kwa kuhesabiwa tu."

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akaja hadi karibu yangu. "Mwanangu, toka hapo," akaniambia polepole. "Hata mbuzi wamekimbia hapo."

"Bibi, mimi siyo mbuzi."

"Nimeona. Mbuzi wana akili."

Nikacheka nikaendelea na simu. Kijana wa Bunda akavua kofia akasema, haya mzee, nimekubali. Nilishuka nikiwa mfalme wa mwalo. Nikavaa soksi, nikavaa viatu vyangu vya ncha, nikapakia mzigo, nikarudi Musoma naimba ndani ya gari. Mguu haukuniambia kitu chochote. Ulikuwa umekaa kimya kama mtu aliyetumwa ujumbe mbaya na hataki kuwa wa kwanza kuusema.

Nyumbani nikavua viatu na soksi mlangoni, nikapita sebuleni peku, nikakaa, nikaomba chai isiyo na sukari kwa sauti ya mtu anayestahili yenye sukari. Mama watoto akatoka jikoni, akasimama, akaangalia chini.

"Umemwaga maji wapi?"

"Sijamwaga."

"Sasa hizi ni nini?"

Kwenye marumaru nyeupe, kuanzia mlangoni hadi kwenye kochi langu, kulikuwa na nyayo zangu, kila moja imejichora vizuri na vidole vyake.

"Jasho," nikasema.

Akainama, akagusa unyayo mmoja kwa kidole, akakiangalia kile kidole. "Jasho lina damu?"

Akaniinua mguu kabla sijakataa. Ngozi yake ya chini ilikuwa imebaki kwenye soksi. Sitaeleza zaidi, watu wanakula. Ninachokumbuka ni uso wake. Huyu mwanamke nimeishi naye miaka mingi, nimemwona akizika mama yake, nimemwona siku nyumba yetu ya kwanza inaezuliwa na upepo, na uso ule sikuwahi kuuona.

"Unauma?" akauliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ndipo akaanza kulia. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kutouma ndiko kulikomliza.

Nesi yule yule alinipokea. Kati ya manesi wote wa mkoa, yeye. Nikajiandaa kwa hotuba, lakini hakusema kitu, akavaa glavu tu akaanza kusafisha, na mimi ningependa angesema. Daktari alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajifikiria. Akaniambia malengelenge ya mguu wa kulia yatapona, ila upande wa kushoto kidonda kimeingia ndani, karibu na kidole cha mwisho, na sukari yangu iko juu sana.

"Tutapambana nacho," akasema. "Lakini mzee nikwambie ukweli. Kikifika kwenye mfupa, tunaondoa kidole. Kikipanda, tunaondoa mguu kuanzia hapa." Akaweka kiganja chini ya goti langu.

Mimi nikamwuliza kama anajua naongea naye kuhusu mguu gani. Huu ni mguu wa kupimia dagaa, daktari. Akasema ndiyo, ameelezwa na mke wangu, na kama sitaki ukatwe nisiukanyagie kabisa hadi atakaposema yeye.

Kwa hiyo nikawa mtu wa kochi. Bosi mzima, magongo mawili, mguu juu ya mto wenye maua ya kudarizi. Wageni wakaja kuniona. Kila mgeni alikuja na mguu mmoja wa jirani yake uliokatwa, akanisimulia ulivyoanza kidogo kidogo hivi hivi, kisha akanywa chai yetu akaondoka amefarijika. Mmoja wa kanisani akanishauri nichovye mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mama watoto akamwuliza kama angechovya wa kwake kwanza kwenye maji hayo.

Kaka yangu alikuja kutoka Butiama na unga mweusi kwenye karatasi. Alisema ni mizizi na majivu, aliupata kwa mtu anayeaminika, unanyunyiziwa kidondani na kidonda kinafunga mdomo.

"Shemeji, asante," mama watoto akamwambia. "Utakaa hapo juu ya friji."

"Dawa haikai juu ya friji, shemeji. Inakaa kwenye kidonda."

"Kidonda hiki kina mwenyewe, na mwenyewe ni yule daktari."

Kaka akanigeukia mimi. "Mdogo wangu, unakaa hapa unashikwashikwa miguu na mwanamke, na kuchunguliwa nyayo kama ng'ombe wa mnadani. Wewe uliyesimama!"

Zamani maneno hayo yangeniinua kwenye kochi. Nilimwangalia kaka, nikauangalia ule unga, nikakumbuka kiganja cha daktari chini ya goti. Nikamwambia, "Kaka, nilisimama mara mbili. Mara ya kwanza mlinichinjia mbuzi. Mara ya pili unaiona hii hapa." Unga ukakaa juu ya friji hadi mende wakauonja, na nina taarifa kwamba mende hao hawakupona kitu.

Kila siku mbili tatu tulikuwa tunaenda kufungua bandeji. Mimi nilikuwa naangalia dari. Dari la chumba kile nalijua kuliko fundi aliyelipigilia. Siku moja nesi akaacha mkasi mezani.

"Baba, leo angalia."

"Wewe si unaangalia?"

"Mimi nikienda likizo? Mke wako akiumwa? Mguu wako hausemi. Una macho tu ya kuusikilizia. Angalia."

Nikaangalia. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi. Siyo cheusi cha rangi yangu, cheusi cha mkaa. Sikuhitaji darasa la tano kujua. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo wafanyakazi wangu hawaijui, kama kimepanda.

"Mwite daktari," akamwambia mwenzake.

Wakakiondoa. Nililala wodini nikisubiri wiki ipite na nisikie kama kile kiganja kitashuka tena kwenye goti langu. Daktari alikuja kila asubuhi, akaangalia, akaandika, akaondoka, na mimi nilisoma mgongo wake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Hakuna mtu niliyemwogopa maishani kama yule kijana. Nilimwogopa kuliko maofisa wa mapato. Mwishowe akasimama pale kitandani, akasema kingo za kidonda ni nyekundu, ni safi, na tumeishia kwenye kidole.

"Kwa sasa," akaongeza. Madaktari hawawezi kukupa habari njema bila kuikata kipande.

Sasa miguu yangu inaangaliwa kuliko mboni ya jicho. Kile kioo cha binti sikukitaka tena, ni kidogo, hakinitoshi. Nilienda kwa fundi vioo nikamwambia anikatie kipana kuliko cha saluni yoyote hapa Musoma, nikakilaza sakafuni pembeni ya kitanda, na kila jioni nakaa hapo naangalia nyayo zote mbili kwa pamoja, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakirudi. Maji yangu yanapimwa kwa kiwiko, na siyo cha kwangu, ni cha mama watoto, maana cha kwangu nacho sikiamini. Viatu vyangu vinakung'utwa. Kabla ya kununua viatu nachora unyayo wangu kwenye boksi jioni, wakati mguu umevimba, nakata, natumbukiza ile karatasi ngumu kwenye kiatu dukani, na ikijikunja namrudishia muuzaji. Wauza viatu wa sokoni wakiniona na boksi langu wanahamisha macho. Ile mikate ya ngozi naivaa hata sokoni. Nimeshasikia wanasema nimefilisika. Waje ghalani waone. Dagaa sasa wanapimwa kwa mkono na mtu niliyemwajiri, na wakati mwingine anakosea, na namsema sana.

Kilichobaki ni kidole chenyewe. Hospitali ilituuliza kama tunakichukua au wao wakiteketeze, na kabla sijafungua mdomo kaka, aliyekuja kuniona wodini, akasema kiungo cha mtoto wa mji wetu hakitupwi kwenye tanuru la serikali, kinazikwa nyumbani. Kwetu ndivyo ilivyo. Basi tukapewa kwenye chupa yenye dawa. Mama watoto akakataa kisiingie ndani kwake, kikakaa ghalani Nyakato kwenye rafu ya juu, na wapagazi wangu wakawa wanafanya kazi kwa adabu ambayo sijawahi kuiona. Daktari aliponiruhusu kusafiri, nikakifunga kwenye kitambaa tukaenda Butiama, mimi na mama watoto.

Kaka alikuwa ameshachimba, nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la baba. Majirani kadhaa walikuwepo, na wengine walikuwa wamevaa vizuri, maana msiba ni msiba. Nikasogea hadi ukingoni, nikaangalia. Shimo lilikuwa refu, limenyooka, kingo zimekatwa vizuri kwa jembe, ungeweza kumlaza ndama.

"Kaka," nikasema, "hili ni la nini?"

"La kidole chako."

"Kidole changu kina urefu huu?"

"Nimechimba la mguu kabisa." Alisema bila kunikejeli, akijifuta jasho. "Ardhi hii ngumu, mdogo wangu, na mimi nazeeka. Kama mwingine utafuata, nisianze upya."

Majirani wakaitikia kwa kichwa, wakiona busara. Nilikuwa naangalia kwenye shimo na kuupima mguu wangu kwa macho, kuanzia kisigino hadi chini ya goti. Ulikuwa unaenea mle.

Mama watoto akachukua koleo lililoegemezwa ukutani.

"Shemeji," kaka akamwambia, "mwanamke hashiki koleo kaburini."

"Kaburi la nani, shemeji? Mwenyewe huyu hapa, kavaa viatu."

Akaanza kurudisha udongo. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Udongo ulikuwa na mabonge, akawa anayaponda kwa ubapa wa koleo na kuendelea, gauni lake la kitenge likijaa vumbi, hadi shimo likabaki kama shimo la kupandia mhindi. Akasimama, akahema, akaliangalia, akaongeza kidogo tena.

"Sasa linatosha," akasema. "Weka."

Nikachuchumaa, nikakiweka, na udongo uliobaki nikausukumia ndani mwenyewe.